Konzi ya Nani?

Katika mitihani ambayo Mwenyezi Mungu huwajaribu kwayo waja wake, sidhani kama upo uliotungwa kwa ustadi kuliko ule wa kuzaliwa na mganga hodari, kisha ukajaliwa kufaulu somo la kemia. Mtoto wa mvuvi akisoma akawa karani, baba yake huendelea kuvua, wala samaki hawaulizi mwana wa mvuvi ana shahada gani. Lakini mtoto wa mganga akizisoma dawa za kizungu, mtaa mzima hukaa barazani kungojea kwa hamu ni yupi kati ya mzazi na mwana atakayetangulia kumwita mwenziwe mjinga.

Balaa hilo lilinianza mapema. Sisi ni watu wa Pangani, mji mkongwe uliokaa mahali mto unapoingia baharini, wenye minazi ufukoni na mashamba ya mkonge bara yake, na katika mji mdogo kama ule sifa ya mzazi humtangulia mwana kila aendapo. Timu ya shule yetu iliposhindwa katika mpira, wenzangu walinilaumu kwa uchoyo, kwamba nyumbani kwetu dawa zimejaa tele nami nimeshindwa kuiba hata mzizi mmoja kwa ajili ya heshima ya shule. Na iliposhinda, wapinzani walimwendea mwamuzi kudai mifuko yangu ipekuliwe. Ilipopekuliwa haikuonekana ila embe mbichi na chumvi iliyofungwa katika karatasi, na chumvi hiyo ilitosha kuwa ushahidi.

Mama yangu aliupokea mkoba kwa mama yake, na mama yake aliupokea kwa mama yake vilevile. Hakupiga ramli, wala hakupunga mashetani, na mtu aliyemwendea kwa nia ya kumdhuru hasimu yake alitolewa nje kwa adabu kwanza, na kwa ufagio baadaye. Shughuli yake ilikuwa mizizi, magome, majani na vitu vya dukani: mwarobaini kwa homa, habasoda kwa kifua, sanamaki kwa tumbo lililofunga, na mvuje, ambao harufu yake, kwa itikadi ya watu wa pwani, hakuna jini mwenye kujistahi awezaye kuistahimili. Mgonjwa alipofika hakuulizwa maumivu kwanza. Aliulizwa hali ya watoto, ya mume au mke, ya mkwe, ya deni alilodaiwa na ya mbuzi aliyepotea, na maumivu yalipofikiwa yalikuwa yamekwisha kuchoka kungoja. Kisha kilitolewa kifungua mkoba, ambacho mwenye nacho alikitoa kwa fedha, na asiye nacho alileta kuku, nazi, au ahadi. Ahadi zilipita kuku kwa wingi.

Nilipohitimu masomo ya famasia mjini Dar es Salaam, nilirejea nyumbani na shahada, miwani, na azma thabiti ya kuutia mkoba ule katika nidhamu ya elimu. Wala azma hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani mwaka 1974 Chuo Kikuu kilikuwa kimeanzisha pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na wasomi waliotutangulia walikuwa wakiingia vijijini kuwauliza waganga maswali kwa unyenyekevu. Mimi niliyachukua maswali. Unyenyekevu niliuona mzigo usiokuwa wa lazima kwa mtu aendaye kwao.

"Mama," nilimwuliza asubuhi yangu ya kwanza, kalamu mkononi, "dawa hii mtu hunywa kiasi gani?"

"Konzi moja ya majani kwa kata mbili za maji."

"Konzi ya nani?"

"Ya mgonjwa mwenyewe," akajibu, akinitazama kama amtazamaye mtu aliyeuliza jua huchomoza upande gani. "Mtoto ana konzi ndogo na mwili mdogo, na pande la mtu lina konzi kubwa na mwili mkubwa. Kwani nyinyi huko mnawapimaje?"

Sisi huko tulikuwa tukiwapima kwa miligramu kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, kanuni ambayo, ikitazamwa na hakimu asiye na upendeleo, haikuwa mbali sana na konzi; lakini wananchi hawakulipa kodi zao ili mimi niende nikasome, kisha nirudi Pangani kukubaliana na konzi. Nikamwuliza basi mgonjwa aliyevimba mkono atapimiwa vipi. Akasema huyo atibiwe mkono kwanza.

Nilipoona kuwa katika vipimo sikushika njia, niligeukia rafu. Mama alizipanga dawa zake kwa mfano wa mwili wa mwanadamu: za kichwa juu kabisa, za kifua chini yake, za tumbo katikati, za miguu karibu na sakafu, na pembeni, peke yake, vitu vya furaha vya maarusi, ili visichanganyike na vya majonzi. Siku aliyovuka mto kwa pantoni kwenda Bweni kuhani msiba, nilivishusha vikebe vyote, nikaviandikia majina kwa karatasi nyeupe, nikavipanga upya kwa utaratibu wa alifabeti, utaratibu ambao umewafaa watu wa maktaba na wa posta duniani kote bila ya kumdhuru mtu. Kwa utaratibu huo msandali ukapakana na mvuje, na mvuje ukapakana na mwarobaini. Mama alisoma msahafu, na aliandika barua kwa herufi za Kiarabu bila ya kutua. Herufi za Kirumi hakuwa na haja nazo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukijua kila kikebe kilipo. Tena alirudi kutoka Bweni na mafua makali, hasikii harufu ya kitu chochote kilichoumbwa.

Jioni ile ile, taa ya chemni imekwisha kuwashwa, akatumwa mtoto mdogo kutoka kwenye nyumba ya arusi kuchukua unga wa msandali wa kufukizia nguo za bibi arusi. Mama akanyosha mkono, akafungua kikebe, akafunga unga katika karatasi, akamkabidhi. Mtoto alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema neno njiani, alijibu kwamba alidhani hiyo ndiyo harufu ya mambo ya watu wazima. Ule mvuje ukatiwa juu ya makaa, nguo zikatandazwa juu ya chetezo, mlango ukafungwa ili moshi usipotee. Na ulipofunguliwa walitoka mashangazi wa bwana arusi mbiombio, kanga zimeziba pua, wakifuatwa na paka wa nyumba ile, na paka yule hakurudi.

Mama aliitwa. Nilimfuata kwa nyuma, nikitunga hotuba juu ya umuhimu wa kujua kusoma vibandiko. Hotuba hiyo haikusomwa. Mama alisimama katikati ya ukumbi, akapiga chafya, akatazama dari kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi nzito: "Alhamdulillahi. Kilichokuja kuiharibu arusi hii kimekwenda zake."

Nguo zikafuliwa, arusi ikaahirishwa hadi kesho yake, na ndoa ile ikadumu na kuzaa watoto wenye afya. Na tangu siku hiyo hapakuozwa mwari katika mtaa wetu bila ya mama wa mwari kuja kwanza kutaka mvuje kidogo. Mimi niliyeubuni utaratibu uliozaa fahari hii sikupewa hata sahani ya pilau. Hata leo nashikilia kwamba alifabeti haikukosa kitu, kwani iliweka kila kikebe mahali pake pa haki. Kilichokosekana usiku ule ni pua, na wahenga walikwisha kusema kuwa mganga hajigangi.

Lakini lilikuwako jambo moja ambalo sikulifanyia mzaha, nalo ni degedege. Wazee wengi wa pwani waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na ndege apitaye usiku juu ya paa, na kwamba dawa yake ni kufukiza mavi ya ndovu; nami nilijua kuwa mara nyingi mtoto wa namna hiyo ana malaria iliyopanda kichwani, na kwamba kila saa ipoteayo huenda ikapotea na roho. Usiku mmoja akaletwa mtoto macho yamegeuka, mwili unakakamaa. Nilijitupa mlangoni, nikawaambia wazazi wake kuwa hakuna ndege. Kuwa mwaka 1897, huko India, Ronald Ross alimpasua mbu akaviona vijidudu vya malaria tumboni mwake. Kuwa si kila mbu huvichukua, ila anofelesi. Wala si kila anofelesi, ila jike. Nilikuwa nimefika katika tofauti za dume na jike wakati mama aliponipita, akamkalisha mzazi mmoja juu ya baiskeli ya jirani na mwanawe kifuani, akamwambia: "Ndege huyu haogopi moshi wangu. Anaiogopa harufu ya hospitali. Nendeni mbio."

Walikwenda mbio, mtoto akachomwa sindano, akapona. Nilimlalamikia mama kwamba ameutia nguvu uzushi ambao serikali inatumia fedha nyingi kuupiga vita. "Ningemwondoa ndege kwanza," akauliza, "mtoto akae angoje?" Hoja hii nimeitafutia jibu katika vitabu vingi vizuri, na bado naendelea kutafuta.

Wala asidhani msomaji kwamba mabishano yetu yalikuwa baina ya mti na kidonge, maana vidonge vingi nilivyovisomea vina miti katika nasaba yao. Kwinini hutokana na gome la mti wa Amerika ya Kusini, na Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, si safari ndefu kutoka kwetu. Mwaka 2015 bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alitunukiwa Nobel kwa dawa ya malaria itokanayo na mpakanga. Naye kilichomwongoza ni maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, aliyeagiza majani yarowekwe majini na kukamuliwa, bila ya kutaja moto, hali wataalamu walikuwa wakiyatia katika joto na kuiua nguvu yake. Habari hiyo ilinikumbusha majani fulani ambayo mama alikataza yasichemshwe, nami nikaandika katika daftari langu kuwa ni ushirikina. Mama alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Angeisikia, nisingelala wiki nzima. Pamoja na hayo sijaiacha kalamu yangu, kwani kwa kila jani moja la namna hiyo yapo mengi yasiyoponya kitu ila kiu, na hakuna njia ya kuyatenga ila kuyapima. Shule ilinifundisha kuihoji dawa. Kumhoji mgonjwa ilinipasa nifundishwe dukani, mbele ya wateja.

Uzeeni mama alishikwa na presha. Siku moja akaja katika duka la dawa nililofanyia kazi mjini Tanga. Nikamwamkia, nikamtazama cheti, nikampa vidonge vyake kabla hajakaa vizuri.

"Hujaniuliza hali," akasema.

Nikamwuliza hali. Akanieleza: paa linalovuja, mpangaji asiyelipa, ndugu yake aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana kitanda chake. Mzee aliyekuwa nyuma yake aliposikia kuwa duka hili siku hizi huuliza habari, naye akaanza kusimulia juu ya mkwewe. Bibi aliyemfuata akasogeza kiti. Na hata adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimeuza dawa kidogo mno, nami nayajua madeni ya mtaa mzima. Mwenye duka alisimama mlangoni akinitazama kwa jicho ambalo sikupenda kulitafsiri.

Hapo mama akainuka, akakipima kifuko cha vidonge kiganjani mwake, kisha akawageukia wale waliokuwa bado wanangoja.

"Huyu ni mwanangu, msimwogope," akawaambia. "Dawa zake ni nzuri. Ila konzi zake ndogo."