Kamera ya Rangi kwa Darubini Ndefu: Mwongozo wa Aliyekwishalipa

Kwanza uwe na darubini ndefu. Achana na vile vimirija vya watu wapole vya milimita 400. Chukua kama yangu, C8 ya Celestron: kipenyo milimita 203, umbali wa fokasi milimita 2032. Ukiitazama kwa nje ni bomba nene lisiloizidi sana ndoo ya lita ishirini, kwa kuwa vioo viwili ndani yake vinaurudisha mwanga huku na huko, na kile cha pili kinaurefusha umbali wa fokasi mpaka mita mbili zitimie. Hilo la vioo usimwambie mtu. Wewe taja mita mbili, nyamaza, ziwaingie.

Sasa sensa. Si ile ya watu na makazi, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu: inahesabu mwanga ulioangukia kila pikseli. Kampuni nyingi zinazouza kamera za nyota hununua sensa zao kwa Sony, kwa hiyo ukishasoma vipeperushi vyote usiku kucha, mara nyingi utakuwa unachagua rangi ya kopo. Angalia megapikseli tu. Mimi nilichukua yenye sensa ya IMX571: megapikseli 26, kila pikseli mikromita 3.76. Muuzaji alinisifia chaguo langu kabla sijamwambia nina darubini gani.

Watatokea watu wenye hesabu. Watakuambia chukua 206, zidisha kwa mikromita za pikseli, gawanya kwa milimita za fokasi. Waepuke, ni hesabu ya mtoto wa darasa la sita na haina nafasi ya mapenzi. Kwangu jibu lilikuwa 0.38, yaani kila pikseli inaona sekunde 0.38 za tao. (Ikate digrii moja vipande 3600, kimoja ndicho sekunde ya tao.) Ni ukali wa kutisha huo, na ungenifaa sana kama ningekuwa naishi mahali pasipo na hewa. Hapa Dar hewa ipo. Inacheza juu ya paa la bati lililoota jua kutwa nzima, na nyota, ambayo ilipaswa kuwa nukta, inatanda hadi sekunde 2 au 3 za tao. Basi nyota moja inakalia pikseli 5 hadi 8 kwa upana, kama abiria aliyejilaza siti yote ya nyuma ya daladala. Amelipa nauli ya mtu mmoja.

Dawa ipo: unaiagiza programu iunganishe pikseli nne nne zihesabike moja. Zile megapikseli 26 zinabaki 6.5. Ni sawa na kununua suti ya mtu wa miraba minne, kisha ukampelekea fundi aipunguze.

Baada ya kuunganisha utagundua jambo la pili: darubini ndefu inaona kipande kidogo mno cha anga. Kwa sensa yangu, mwezi mpevu unaenea kwa upana, kwa kimo unakatwa utosi na kidevu. Kilimia, ambacho bibi yangu alikitazama chote kwa jicho moja akajua msimu wa kulima umefika, hakiingii hata robo. Galaksi ya Andromeda imetanda digrii kama tatu. Hiyo utaipiga vipande vipande na kuiunga kama kanga iliyochanika.

Hapo ndipo utakaponunua kipunguza fokasi. Ni lenzi inayozidisha urefu kwa 0.63, hivyo milimita 2032 zinakuwa 1280. Hebu tuliangalie hili taratibu, kwa sababu mimi sikuliangalia: umelipia mita mbili, sasa unalipia kifaa cha kukuondolea sentimita 75. Sensa nayo lazima ikae milimita 105 nyuma ya kipunguza hicho, na pete za kuifikisha hapo huuzwa mojamoja. Ukifanikiwa, pembe za picha zinaingia giza, maana duara la mwanga limekuwa dogo kuliko sensa pana uliyoisifu.

Rangi pia ina ukurasa wake. Kamera ya rangi huvaa vichujio vidogo juu ya pikseli, kwa mpango ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani kinamfaa binadamu. Nebula nyingi zinang'aa kwa wekundu wa haidrojeni wa nanomita 656, kwa hiyo robo tatu ya sensa yako inakaa kwenye benchi. Na kwa kuwa mjini taa za barabarani hazilali isipokuwa siku ya mgao, utaongeza kichujio kinachozuia karibu rangi zote ubakiwe na mbili. Kamera ni ya rangi bado. Kwenye risiti.

Kisha baridi. Kamera kubwa ina kipoozi kinachoshusha joto la sensa hadi nyuzi 35 chini ya hewa ya nje ili chengachenga zipungue. Usiku wa nyuzi 27 unapata hasi 8, raha mustarehe. Ila pwani yetu ina unyevu, na kioo cha baridi hukusanya umande. Kwa hiyo ndani ya kamera hiyohiyo mna kipashajoto cha kukipasha kioo, na mbele ya darubini utafunga mkanda mwingine wa joto, vyote vikinywa betri moja. Mkanda wangu ulipokufa niliazima draya ya saluni kwa jirani. Hajaiulizia mpaka leo, na mimi sijamkumbusha.

Kwa sayari kuna njia ya mkato, nayo nimeificha huku chini makusudi. Zidisha mikromita za pikseli kwa 5. Jibu ndilo uwiano wa fokasi unaoifaa kamera hiyo. C8 ni f/10, hivyo inataka pikseli ya mikromita 2. Sensa ya IMX678 inazo. Haihitaji kipoozi, kipunguza wala pete, kwa sababu Mshtarii ina mwanga tele: unachukua video ya maelfu ya fremu fupi na programu inachagua zile ambazo hewa ilitulia. Kwetu sayari hupita karibu na utosi, wakati watu wa London mwaka 2019 waliitafuta Mshtarii nyuzi 16 hivi tu juu ya upeo. Na bei ya kamera yenye sensa hiyo ndogo ni sehemu tu ya bei ya ile kubwa.

Hiyo ndogo nimeinunua. Ile ya megapikseli 26, ambayo nimeisifia hapo juu kwa moyo mweupe, naiuza. Imetumika usiku mchache, umande umekauka. Bei maelewano, kipunguza na pete zake natoa bure.