Sifa za Usaili

Karafuu imeshasifiwa ya kutosha, na milango ya Mji Mkongwe imepigwa picha hadi njumu zake zinaona haya. Uliosahauliwa ni usaili wa kampuni kubwa za teknolojia, ule wa kwenye kompyuta, kijana yuko Malindi ya Unguja na msaili yuko California.

Kwanza, huanza kwa wakati. Harusi zetu za saa mbili huanza saa nne. Usaili wa saa nne usiku, kwao adhuhuri, huanza saa nne. Mama huzima tamthilia ya Kituruki, watoto hutolewa barazani, na kwa kuwa kuta nene za mawe na chokaa huzuia joto pamoja na mtandao, msailiwa hupanda ghorofa ya juu kabisa, karibu na dirisha. Huko hujifunza kuupenda umeme. Waliokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika, walidhani wameshaijua thamani yake. Bado. Hawakuwa na msaili anayesubiri.

Maswali yake nayo ni matamu. Google iliwahi kusifika kwa kuuliza basi la skuli linachukua mipira mingapi ya gofu. Mwaka 2013 Laszlo Bock, mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo wakati huo, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya namna hiyo hayatabiri chochote, ila humfanya msaili ajione hodari. Dharau iliyoje! Konda wa daladala ya Fuoni hulijibu kila jioni bila kalamu: nafasi ya mmoja ipo. Naye Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, alieleza mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa kwa kushindwa kugeuza ubaoni mti wa data, kulia uwe kushoto. Huo ndio ukuu wa usaili: hauchafuliwi na ushahidi wa kazi iliyokwishafanyika.

Lakini fadhila yake kubwa ni malezi. Kijana wa Unguja hulelewa aseme "tulijaaliwa", hata kama alihangaika peke yake. Akisifiwa huinamisha kichwa. Msaili hataki hayo. Anataka "mimi": mimi niliongoza, mimi niliuokoa mradi. Anayesema "sisi" huandikiwa kuwa mchango wake haueleweki. Kisha huulizwa udhaifu wake, jambo ambalo hapa haliulizwi hata kwenye posa, maana washenga hutumwa hasa ili lisijulikane. Basi hufundishwa ajibu kwamba udhaifu wake ni kuipenda kazi kupita kiasi. Akiweza kulisema hilo bila kucheka, amehitimu. Kujisifu saa nzima bila kuona haya: madrasa na skuli kwa pamoja hazikuwahi kuthubutu kulisomesha somo hilo.

Tangu 2022 Serikali ina mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuzivuta kampuni za teknolojia zije Fumba. Jambo jema, ila lina hatari zake. Kazi ikisogea karibu, kijana ataweza kuonyesha anachokijua kwa kukifanya, na usaili utakosa wa kumsaili.

Baada ya raundi kadhaa huja barua pepe ya kukataa. Haisemi sababu. Wapo wanaolalamika, mimi naiona ni sitara, na kampuni ya ng'ambo kumsitiri mtoto wa Malindi ni uungwana usiotarajiwa. Hutoka kwenye anwani isiyopokea majibu, kwa hiyo hata ubishi umezuiliwa mapema.

Ombi langu ni kwa majirani. Mkimwona kijana saa nne za usiku amevaa shati la kola na koti kwa juu, kikoi kwa chini, msimwite kwenye karata. Na mwenye vespa asipige honi kwenye uchochoro huo mpaka saa tano.