Taa Moja, Sheria Tatu

Hapa Bariadi, gari likipasuka kioo cha taa linakuwa mali ya mtaa. Kinyozi, muuza mahindi ya kuchoma, bodaboda anayesubiri abiria: wote wanageuka mafundi taa, na ushauri wao ni wa bure hata usipouomba.

Changu kilipasuliwa na kanga wa porini. Tulikuwa tunatoka Lamadi jioni, ndege akakurupuka majanini, akajibamiza kwenye taa ya kushoto, akaanguka, akajikung'uta na kwenda zake. Shemeji yangu kiti cha mbele akashika kichwa. Taa hakuiulizia.

"Yaani mboga imeondoka hivi hivi!"

Nikamkumbusha kwamba Serengeti iko pale jirani, na kanga yule angeingia kwenye buti angebadilika jina, akaitwa nyara za Serikali. Tungefika Bariadi na kesi badala ya kitoweo.

Asubuhi tiba zikaanza. Wa kwanza akaleta dawa ya meno. Kweli, plastiki ya taa hufubazwa na jua ikawa ya njano, na ukiisugua hivyo inang'aa kidogo, ila unakwangua pia utando unaoikinga, na baada ya muda unjano unarudi. Lakini yangu ilikuwa na ufa wa kupitisha kidole! Mzee mmoja akaniita kando. "Ng'wanawane, maji yakiingia humo, balbu ikiwa ya moto inapasuka. Funika na rambo." Hapo mzee alisema kweli, isipokuwa mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Nimenusurika na nyara, sasa nikamatwe na mfuko?

Dukani muuza spea hakuzunguka: "Bosi, kioo peke yake hatuuzi. Chukua taa nzima." Alipotaja bei, nilikwenda kuitazama ile taa ya kulia kwa heshima mpya.

Ndipo fundi wa gereji ya jirani akavuta kutoka chini ya meza taa iliyokufa, kioo chake kizima. Akaazima jiko la mama ntilie, maandazi yakasubiri. Aliigeuza taa yangu juu ya mkaa taratibu, mbali kidogo na moto, mpaka gundi ya ukingoni ikalainika na kuanza kuvutika nyuzinyuzi. Akapenyeza bisibisi, kioo kikabanduka. Akapaka silikoni mzunguko mzima, akabandika kile kingine, akakikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka kikauke. Mama ntilie akadai fidia ya mkaa, nikalipa.

Kazi ilitoka safi, ila kushoto ni cheupe na kulia ni cha njano. Gari likawa na jicho la bandia. Na ndani ya jicho hilo, akitembea juu ya kioo kwa nafasi zake, inzi aliyefuata maandazi.

Siku hiyo hiyo, njia ya Nyakabindi, trafiki akanyoosha mkono. Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, nami nilikwishazihesabu kichwani. Akaniambia niwashe taa. Zikawaka zote. Akainama upande wa kushoto, akachungulia kwa muda mrefu.

"Dereva, huyu wa mbele mbona hajafunga mkanda?"

Shemeji akauvuta wake haraka haraka.

"Siyo wewe," akasema trafiki. "Huyu aliyemo kwenye taa."