Upinde Hupimwa kwa Mkono wa Mwenyewe

Mfyuu! Nimesonya, na mtu asiniulize nimemsonya nani. Nimeisonya simu. Kijana wetu, jirani yangu wa hapa Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amekuja kijiweni jioni hii na picha tatu za pinde. Kaka yake aliye Afrika Kusini ndiye aliyemtumia, anataka kujua amnunulie upi. Mmoja mweusi, mmoja una madoa kama chui, mmoja una rangi ya majani makavu. Na sisi tuliokaa hapa chini ya mwembe, mitumbwi imelala mchangani na usipa unaanikwa, tumeshaanza kupiga kura. "Chukua wa chui!" "Aa, chukua wenye kasi, si umeandikwa hapo?" Kura ya rangi! Jamani, hivi ndivyo tunavyochagua chombo cha kutoa uhai wa kiumbe?

Mzee mwenzangu akanikata kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali nzuri, na kwa jembe ni kweli tupu. Jembe baya litakuchosha wewe, lakini udongo haulii. Upinde usiokufaa, anayeumia ni mnyama. Hapo lazima tuchague, tena tuchague kweli, kama mama anavyochagua chungu cha Wakisi pale sokoni Jumamosi. Mmemwona? Haangalii urembo kwanza. Anakiinua, anakigonga kwa kidole, anatega sikio. Kikilia vizuri ndipo anauliza bei. Sasa upinde nao tuugonge.

Mimi nimezeeka kwenye nyavu, lakini ujana wangu uliishia Rungwa, kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii. Nilibeba mizigo, nikasoma nyayo, nikachuna ngozi. Wageni wengi walikuja na bunduki, wachache walikuja na hizi pinde za makapi. Ninachosema nimekiona.

Huu si uta wa babu zetu. Tazameni picha. Kishikio cha chuma chepesi katikati, mapanda mawili mafupi magumu, na kila ncha ina gurudumu lisilo duara kamili, limevimba upande mmoja. Aliyeubuni ni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen. Alikata ncha za upinde wake wa kawaida, akafunga makapi, akaomba hataza mwaka 1966 na kuipata 1969. Kwa nini makapi? Wavuvi mnaijua raha ya kapi kwenye kamba nzito. Upinde wa kawaida, kadiri unavyovuta ndivyo unavyokuwa mzito, na mwisho wa mvuto ndipo unapokutetemesha. Huu unakuwa mzito katikati, kisha gurudumu likigeuka unalegea ghafla. Upinde wa ratili 60, yaani kilo 27, ukipunguza asilimia 80, mwishoni unashikilia ratili 12 tu, kama kilo tano na nusu. Unaweza kuvuta, ukatulia, ukangoja mnyama ageuke ubavu.

Mhadzabe wa Yaeda na Ziwa Eyasi hana anasa hiyo. Upinde wake ni mti mmoja, upote wake ni wa kano za mnyama, na mvuto ukifika mwisho mshale unaondoka hapo hapo. Wawata wa Tsavo kule Kenya walivuta pinde zilizopita ratili 100, wakaangusha tembo kwa mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Lakini mtu yule alianza na upinde mdogo tangu mtoto, na kila alipokua upinde ukakua naye. Hakuna aliyemletea upinde wa mtu mwingine kwenye boksi. Hilo ndilo neno langu lote la leo, mengine ni kulifafanua: upinde hupimwa kwa mwenyewe.

Nikamwambia kijana, simama, tanua mikono. Tukachukua uzi wa kushonea nyavu, tukapima kutoka ncha ya kidole cha katikati cha mkono huu hadi cha mkono ule. Sentimita 168. Gawa kwa mbili na nusu: 67. Huo ndio urefu wa mvuto wake, inchi 26 na nusu. Upinde ukiwekwa mrefu kuliko hapo, mkono wa mbele utajikunja ovyo, shingo itapinda, upote utamchapa kiwiko. Ukiwekwa mfupi, anapoteza nguvu bure. Zipo pinde zinazoruhusu kubadili urefu huo kwa bisibisi, na zipo ambazo lazima ubadili gurudumu lenyewe. Sasa gurudumu hilo utalipata duka gani la Kyela mjini?

Kisha nikamwambia, unganisha viganja mbele yako, acha tundu dogo, tazama ule mtumbwi mwekundu kupitia tundu hilo. Fumba jicho la kushoto. "Babu, mtumbwi umepotea!" Fumba la kulia. "Umerudi." Mnaona? Mkono wake ni wa kulia, lakini jicho lake kuu ni la kushoto. Mtu wa namna hii, kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza, ni heri ajifunze kuvuta kwa mkono wa kushoto, jicho linaloona ndilo lilenge. Nikarudi kwenye simu, nikakuza picha. Mahali pa kulazia mshale panaonekana wazi. Pinde zote tatu ni za mkono wa kulia! Wa chui, mweusi, na wa majani makavu. Kura zetu zote zimekwenda na maji.

Tuje kwenye kasi, maana ndiyo iliyowapandisha wengi mori. Boksi pichani limeandikwa futi 340 kwa sekunde, kama mita 104. Si uongo, ila ni kasi ya mtu mwingine. Kwa kawaida watengenezaji hupima kwa mvuto wa inchi 30, uzito wa ratili 70, na mshale mwepesi usiofika gramu 23. Kila inchi unayopunguza inakula kama futi kumi. Kila ratili inakula kama mbili. Mshale wa kuwindia ni mzito zaidi, nao unakula sehemu yake. Kijana wetu mwenye inchi 26 na nusu, tukimpa ratili 50, mshale wa gramu 26, atabaki na futi 250 hivi, mita 76. Ukilipa pesa nyingi kwa sababu ya namba ya kwenye boksi, umelipia mikono ya mtu mrefu usiyemjua.

Na hata ile 340 yenyewe, ndugu zangu, haishindani na sauti. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 30, mlio wa upote unamfikia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mshale wa kijana wetu utachukua karibu sehemu nne. Katikati hapo mnyama ameshasikia.

Nilijifunza hilo kwa kongoni mmoja, na sijamsahau. Mgeni alikuwa na upinde wa bei kubwa, wenye kasi kweli, lakini uliolia kama mlango wa bati. Kongoni alikuwa hatua hamsini. Bwana windaji alimnong'oneza angoje, tusogee. Hakungoja. Upote ulipolia nilimwona kongoni akizama magotini na kugeuka, na mshale uliokuwa unakwenda nyuma ya bega ukaingia tumboni. Tulikaa kimya muda mrefu kabla ya kufuata, maana mnyama wa jeraha la tumbo ukimfukuza anakwenda mbali. Nikafuata damu. Damu ya mapafu ni nyekundu, ina povu. Ile ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani aliyokula asubuhi. Tone hapa, hatua ishirini hakuna, tone tena kwenye jani la mti. Jua likazama tunapapasa. Kesho yake tumbusi ndio waliotuonyesha. Alikuwa amelala chini ya mti, udongo wote wa pale umechimbwa kwa kwato. Alihangaika usiku kucha. Mgeni alitaka kupiga picha. Mimi niligeuza uso.

Kwa hiyo mkiniuliza nini kinatangulia, nasema ukimya, halafu utulivu, kasi ni ya tatu. Tazama nafasi kati ya kishikio na upote, upinde ukiwa umepumzika. Ikiwa fupi, sentimita 15 hivi, mshale unakaa kwenye upote muda mrefu, kasi inaongezeka, lakini kila mtikisiko wa mkono unaingia kwenye mshale. Ikiwa 18, unasamehewa makosa. Anayeanza anahitaji msamaha. Tazama urefu wa upinde toka gurudumu hadi gurudumu. Ulio chini ya sentimita 76 unapita vizuri vichakani, lakini mkononi unayumba. Ulio mrefu kidogo unatulia. Na uzito wa mvuto, msidanganywe na ujana. Kaa kwenye kigoda, miguu juu, uvute taratibu bila kuinua upinde juu kama unatwanga. Ukishindwa hivyo, ni mzito kwako. Sisi hapa hatuvui mbasa kwa wavu wa usipa. Kila wavu na macho yake, kila mkono na ratili zake.

Jambo jingine ambalo boksi halipigii kelele: usivute ukaachia bila mshale. Kambini kijana wa jikoni aliuchukua upinde wa mgeni ulioegemezwa kwenye hema, akavuta mtupu, akaachia. Paa! Nguvu yote iliyopaswa kwenda na mshale ikarudi kwenye upinde wenyewe. Upote ukaruka kwenye gurudumu, panda moja likapasuka kwa urefu, kipande kikamchana shavu. Na kuurudisha upote si kazi ya mikono mitupu, kuna mashine yake ya kuubana upinde. Hapa kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, upote unataka nta, skrubu zinapata kutu, na nyuzi zikichakaa lazima zibadilishwe. Anayenunua upinde bila upote wa akiba na bila kujua nani ataufunga, amenunua pambo la ukutani.

Sasa swali nililoliacha makusudi. Mwanangu, utapiga nini? Akasema nguruwe pori wanamaliza mihogo ya mjomba, na nyani wanapasua kakao. Namwelewa. Asiyewahi kulala njaa kwa ajili ya nguruwe pori asimcheke mkulima. Lakini wanyamapori wa nchi hii, kwa Sheria Namba 5 ya 2009, ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kuwinda bila kibali ni kosa, uwe na bunduki, uta wa babu au upinde wa makapi. Mnyama akiharibu shamba, pa kwenda ni serikali ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Na upinde wenyewe, ulizia kabla haujafika mpakani Kasumulu, usije ukauliziwa wewe.

Halafu inueni macho, tazameni mlima. Hiyo Livingstone inayotukingia mgongo, juu kule ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, tangu 2005. Katika misitu ile na ya Rungwe anaishi nyani aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina wakati wataalamu wa dunia hawajasikia habari zake. Wataalamu hao walimwona 2003, wakamtangaza 2005. Walipohesabu mara ya kwanza walipata kipunji 1,117 tu, na zaidi ya huku kwetu yupo msitu mmoja wa Ndundulu, Udzungwa. Basi. Duniani kote hakuna pengine. Naye hushuka kula mahindi kama nyani wengine. Jioni, kwenye ukungu, kwa mtu mwenye hasira na silaha isiyosikika hata kwa jirani, nyani ni nyani tu. Bunduki ikilia mlima mzima unajua. Upinde haumshtaki mwenyewe. Ndiyo maana anayeushika lazima ajishtaki mwenyewe kabla hajauvuta.

Kijiwe kikanyamaza. Kijana akauliza, "Kwa hiyo babu, nisinunue?" Sikusema hivyo, mwanangu. Nunua, lakini nunua wa kwako. Wa mkono wa kushoto. Mvuto inchi 26 na nusu, unaobadilika kwa bisibisi. Ratili 40 kwa kuanzia, uweze kupanda hadi 50. Nafasi ya upote sentimita 18. Upote wa akiba, nta, na mishale yenye uzito wake. Funga gunia la makapi ya mpunga pale nyuma ya nyumba, mahali watoto hawapiti, upige mwaka mzima. Siku utakapopata kibali na mahali halali, usipige mbali kuliko pale unapoweza kuiweka mishale mitano kwenye mdomo wa kikombe. Kama ni mita 20, basi wewe ni mtu wa mita 20, na mnyama wa mita 30 ni wa Mungu.

Akaishika simu, akamtumia kaka yake sauti, neno kwa neno, mimi nikimkumbusha alipoteleza. Rangi hakuitaja. Alipomaliza akaokota ule uzi wa nyavu tuliompimia, akaukunja hadi kwenye sentimita 67, akapiga fundo hapo, akautia mfukoni.