Sifa za Tope

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tope halina hatari hiyo, kwani maji linayo tangu kuzaliwa. Basi niacheni nilisifu bila woga tope jekundu la barabara za Amazoni ya Brazili, ambalo watalii wanaoizunguka nchi hiyo kwa lori hulitukana kila mmoja kwa lugha ya kwao, na ambalo kampuni za utalii hulificha lisije likaharibu picha za matangazo.

Kwanza nasaba yake. Baba ni mvua ya masika, mama ni udongo wa mfinyanzi, na wawili hao wakishakutana hata serikali ya kijeshi haifui dafu. Oktoba 1970 Rais Emílio Médici alifika Altamira, mti mkubwa ukaangushwa, bamba la kumbukumbu likazinduliwa kwenye kisiki chake: Transamazônica inaanza! Barabara hiyo ilikusudiwa ipasue msitu hadi mpakani mwa Peru. Baada ya kilomita kama 4,000 kutoka pwani ya Atlantiki ikaishia Lábrea, na mpaka leo iko hapo hapo. Wanahistoria watawatajia uhaba wa fedha. Mimi ushindi nampa anayestahili. Majenerali waliondoka madarakani mwaka 1985. Tope bado liko kazini.

Tena si la kuchagua ugali wala wali. BR-319, kutoka Manaus hadi Porto Velho, kilomita 885 hivi, ilizinduliwa mwaka 1976 ikiwa na lami. Kufikia 1988 sehemu kubwa ya katikati ilikuwa haipitiki tena. Miaka 12, na mlo umekwisha.

Hayo ni ya mataifa. Tazameni sasa linavyolea msafara. Asubuhi watu wamenuniana: huyu kanyang'anywa kiti cha dirishani, yule ana siku tatu anakwepa zamu ya kuosha masufuria. Mara lori linalala ubavu kidogo, linanguruma, limekwama. Wote chini! Mstaafu aliyezoea kutoa amri ofisini anakabidhiwa sepeto. Mbao zinasokomezwa chini ya matairi, dereva anakanyaga mafuta, gurudumu la nyuma linazunguka pale pale na kuwachapa wasukumaji usoni kwa udongo mpaka kwenye meno. Mmoja anaanguka kifudifudi. Akiinuka, mkewe anamtambua kwa sauti tu. Ndala zinabaki chini, miguu inatoka. Jioni hiyo, ajabu, masufuria yanaoshwa na hakuna aliyeitwa.

Tope ni mwalimu pia. Linakuteremsha mahali ambapo ratiba ilikuwa ikupitishe ukiwa usingizini. Nyuma yako yamekwama malori ya mizigo, na madereva wake Wabrazili hawapotezi muda kulalamika: wanafungua sanduku la jiko lililofungwa ubavuni mwa lori, wanawasha gesi, wanabandika wali na maharage, na mgeni anamiminiwa kahawa yenye sukari ya kutosha. Hapo ndipo utasimuliwa jinsi mwaka 2017 malori ya soya yalivyopanga foleni ndefu matopeni kwenye BR-163, yakielekea Miritituba, ambako soya hupakiwa kwenye matishari ya mto Tapajós. Lami ilipofika huko mwaka 2020, somo hilo likafutwa kwenye mtaala.

Na ni mlinzi wa msitu asiyelala. Barabara nzuri ikishapita Amazoni, vijia vya wakata magogo na wafugaji huchipuka kushoto na kulia kama miiba kwenye mgongo wa samaki, na kila mwiba una msumeno wake. Penye tope, msumeno hufika kwa kuchelewa. Mlinzi huyu hana bunduki, hana mshahara, wala hapokei rushwa.

Wapo wanaolishitaki. Mkazi wa kando ya BR-319 mwenye mgonjwa anayetakiwa kufikishwa Manaus usiku huu ana kesi nzito, na mimi wakili wa tope sina utetezi mbele yake. Naomba tu hakimu amsikilize yeye kwanza, kabla ya wauza mbao wanaojificha nyuma ya machozi yake.

Lakini mtalii? Yeye ana kesi gani? Angetaka kufika mapema, ndege za Manaus zipo. Alilipa pesa nzuri apewe safari ya porini yenye vituko, na katika msafara mzima, kuanzia aliyemuuzia tiketi hadi aliyembebea begi, tope ndilo pekee lililompa alicholipia bila kusimama mlangoni kungoja bakshishi.