Senti Yangu ya Namba Moja

Kopo lilikuwa la biskuti, lenye kutu mdomoni, na ndani yake mlijaa vifungo. Mke wangu alilinunua kwa dola tatu kwenye soko la vitu vya zamani hapa Philadelphia, kwa sababu koti la shule la mwanetu lilikuwa linafungwa kwa pini wiki ya pili sasa na mwalimu wake alishaanza kuuliza. Akamwaga vifungo mezani: vya plastiki, vya mfupa, vya shaba ya njano kama vya makoti ya askari. Kimoja kilikuwa kizito, cheusi, kisicho na tundu hata moja.

"Hiki kibovu," akasema, akanisukumia.

Ilikuwa sarafu. Upande huu mwanamke mwenye nywele zilizofungwa utepe, upande ule shada la majani na maandishi ya senti moja. Mwaka ulisomeka kwa taabu: moja, saba, tisa, halafu tarakimu ya nne iliyochakaa ikabaki kama kipele. Mwanetu, ambaye macho yake yana miaka saba tu, alisema ni nane. Mimi, ninayevaa miwani, nikasema ni tisa.

Maisha yangu yote, kila nilipoombwa mchango wa harusi, nimejibu kwamba sina hata senti. Usiku ule nilikuwa nayo moja, na kubwa kweli: upana wake karibu milimita 29, uzito wa kuvunja sahani. Sikulala vizuri.

Kabla ya kulala nilifanya kosa ambalo mpaka leo watu wa sarafu wakilisikia hushika vifua. Kwetu Tanga, sinia ya shaba isiyong'aa siku ya shughuli ni aibu ya ukoo mzima. Bibi alikuwa na ukwaju wa kazi hiyo, ule mkuukuu usiofaa tena kwa sharubati, na sinia ikitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama ukachonga ndevu. Nikaloweka ukwaju, nikatia chumvi, nikatumbukiza senti. Asubuhi ilikuwa na rangi ya paja la kuku aliyenyonyolewa. Nilifurahi mno. Mke wangu, ambaye hajui kutupa kitu, akachukua ukwaju uliobaki akamiminia vifungo.

Siku hiyohiyo nilikwenda maktaba, nikaomba kitabu cha sarafu za Marekani. Nikapewa kile ambacho kila mtu hukiita Kitabu Chekundu, kwa rangi ya jalada lake, kinachotolewa upya kila mwaka, toleo lake la kwanza likiwa la 1947. Nikafika ukurasa wa senti kubwa, zile za shaba zilizochapwa kuanzia 1793 hadi 1857. Mwaka 1798: bei isiyofika kodi ya nyumba yangu ya wiki. Mwaka 1799: maelfu ya dola, hata kwa iliyochakaa. Nikaivua miwani, nikaifuta, nikaitazama senti. Tisa. Ilikuwa tisa kabisa. Nilishangaa mwanangu anafundishwa nini shuleni.

Hapo ndipo nilipoandika kwenye kundi la ukoo.

Katika ukoo wangu hakuna aliyeuliza sarafu gani, ya mwaka gani, imepatikana wapi. Shangazi alianza kwa dua, akamalizia kwa mabati. Binamu mmoja, aliyekuwa kimya tangu msiba wa 2019, alifufuka. Mjomba ndiye aliyenimaliza. "Mjomba wangu," aliandika, "nimeshaongea na dalali. Kiwanja kipo Pongwe, hatua chache toka barabarani. Anataka arubuni Ijumaa." Ilikuwa Jumanne.

Jumatano nikarudi maktaba kutafuta ushahidi. Mkutubi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia, akaniuliza: natafuta bei au natafuta uadimu? Nikamjibu kwamba kwetu hivyo ni kitu kimoja. Akacheka taratibu, akaenda, akarudi anasukuma kitoroli.

Nilidhani mambo ni mepesi: unafungua daftari la kiwanda, unasoma mwaka fulani zilichapwa ngapi, kwisha. Madaftari yapo. Tatizo ni kwamba kiwanda cha kwanza cha sarafu cha Marekani, kilichokuwa hapahapa mjini, Mtaa wa Saba, hakikuwa na anasa ya kutupa chuma kizima. Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, na siku zile kuutengeneza muhuri ni kazi. Muhuri wenye mwaka 1798 ukiingia mwaka mpya bila kupasuka, unaendelea na zamu. Kwa hiyo hesabu ya mwaka 1799 imebeba lundo la senti zinazosema 1798. Isitoshe, daftari linajua zilizotoka mlangoni tu. Halijui zilizoyeyushwa, zilizodondoka mtoni, au zilizolala kwenye makopo ya biskuti.

Wenye ugonjwa huu wa sarafu, basi, hawauamini mwaka peke yake. Wanaitambua mihuri. Kila muhuri ulimaliziwa kwa mkono, na mkono hukosea: herufi imepinda, jani limezidi, tarakimu imeegemea jirani. Kila jozi ya mihuri ni aina yake, na watu hukaa miaka wakihesabu kila aina imebaki vipande vingapi duniani. Mwaka 1798 peke yake una aina zaidi ya arobaini. Mwaka 1799 una mbili.

Kitoroli kilinimeza mzimamzima. Nilikuta daktari mmoja wa humu Philadelphia, Edward Maris, aliyeziorodhesha senti za 1794 katika kijitabu cha 1869 na kuzipa majina ya utani kama anayewasimanga mawifi: Mwenye Videvu Viwili, Mwenye Kovu Kichwani, Uso wa Mahaba. Nilikuta Sylvester Crosby na kitabu chake cha 1897 kuhusu sarafu za 1793, na humo senti ya kwanza kabisa ya kiwanda hicho, iliyopigwa vipande 36,103, yenye mnyororo wa viungo kumi na tano mgongoni. Viungo vilimaanisha majimbo yaliyoungana. Wananchi waliona kingine: Mama Uhuru upande huu, mnyororo upande ule. Wakapiga kelele, na mnyororo ukaondolewa mwaka uleule. Saa tatu zilipita hivi. Senti yangu nilikuwa nimeisahau mfukoni.

Kitabu chenyewe, kile ambacho wote hukirudia, ni cha William Sheldon, kilichotoka 1949 na kutolewa upya 1958 kwa jina la Penny Whimsy. Senti za 1793 hadi 1814 hadi leo zinaitwa kwa namba zake. Yeye ndiye aliyeanzisha pia kipimo cha hali ya sarafu, moja hadi sabini, na kipimo cha uadimu chenye herufi R. Kazi yake hasa ilikuwa saikolojia: aliwagawa binadamu kwa maumbo, wembamba, wanene na wenye misuli, akadai kila umbo na tabia yake. Umbo la mwizi sijui aliliweka wapi. Baada ya kufa kwake 1977 iligundulika kwamba senti zaidi ya mia za Jumuiya ya Sarafu ya Marekani, mjini New York, zilikuwa zimebadilishwa. Nzuri zimetoka, dhaifu za aina ileile zimekaa mahali pake. Aliyezichukua ni yeye, na suala likafika mahakamani California, jumuiya ikashinda. Bado kitabu chake ndicho kinachotumika. Huwezi kumkataa mwizi akiwa ndiye peke yake anayejua kila kitu kilipo.

Nikaanza kulinganisha picha. Aina mbili za 1799 hazikufanana na yangu kwa lolote. Nilizilazimisha. Niligeuza kitabu, nikaigeuza senti, nikageuka mwenyewe. Nimesoma kwamba matapeli wa zamani walikuwa wanaichukua senti ya 1798 na kuchonga nane ikawa tisa. Mimi sikuhitaji hata patasi, nilitumia matumaini. Mwishowe mkutubi akaniazima lenzi yake, na ile tisa ikafunga mkia, ikawa nane mbele ya macho yangu. Nikamwona mwanangu amekaa juu ya kiwanja cha Pongwe, anacheka.

Lakini sikukata tamaa. Nikaingia kwenye zile arobaini, moja baada ya moja, jani kwa jani, hadi nikampata ndugu yake: utepe uleule, majani yaleyale, hata ufa uleule unaopita juu ya herufi. Na pembeni ya namba yake pameandikwa uadimu: R-1.

Namba moja! Katika arobaini na ushei, yangu ya kwanza! Nikatoka nje, barafu imetanda, nikampigia Mjomba bila kujali kwamba kwao ni usiku wa manane.

"Mjomba, ni namba moja."

"Duniani?"

"Kitabu ndivyo kinavyosema."

Nikamsikia anamwamsha mkewe.

Niliporudi ndani, mkutubi alikuwa amenifungulia ukurasa wa kipimo na kukaa kando, kwa adabu, kama mtu anayekusubiri usome barua ya msiba. R-8: vipande vitatu au pungufu vinavyojulikana duniani. R-7: vinne hadi kumi na viwili. R-6: kumi na vitatu hadi thelathini. Macho yalizidi kushuka na mimi nikishuka nayo, R-5, R-4, R-3, R-2, mpaka sakafuni: R-1, zaidi ya 1,250. Maana yake, hakuna mwenye haja ya kuendelea kuhesabu.

Sikumpigia Mjomba. Ningemwambia nini? Nilijipa moyo kwamba kitabu cha 1958 kimezeeka, na siku zilizofuata nikawa nakesha na katalogi za minada katika maktaba ya kidijitali yenye jina la Eric P. Newman, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, ambako maelfu ya kurasa za aina hiyo husomwa bure. Nilijifunza kwamba uadimu kweli hubadilika, ila kwa upande mmoja. Sheldon alitenga baadhi ya aina kama zisizokusanyika, kwa uchache wake. Watu wakashika lenzi, wakapekua masanduku, na baadhi ya hizo zimeshapatikana kwa makumi. Ya R-7 hushuka ikawa R-6 kwa sababu mtu fulani amefungua kopo. Sikuona hata moja iliyopanda kutoka R-1.

Jumamosi nikaenda kwenye maonyesho ya sarafu, kopo kwapani, kwa kuwa senti ilikuwa imezoea kukaa humo. Mzee mmoja kwenye meza ya pembeni aliipokea kwa ncha za vidole. Akaitazama. Akaitazama tena. Akanitazama mimi.

"Nani amefanya hivi?"

Nikamweleza habari za Bibi na sinia. Neno ukwaju lilinichukua dakika tano. Akasikiliza hadi mwisho kisha akanifafanulia, kwa upole wa daktari wa wodi, kwamba ule weusi niliouchubua ulikuwa ngozi ya shaba, umechukua zaidi ya miaka mia mbili kujijenga, na ndicho kitu cha kwanza mnunuzi anachokitafuta. Senti ya kawaida iliyochakaa ina mnunuzi. Senti ya kawaida iliyochakaa na kuoshwa ina huruma. Akanipa dola nane, za usafiri, alivyosema. Nikakataa, maana kwenye meza ya jirani nilikuwa nimekwisha kununua nakala ya Penny Whimsy kwa bei ambayo mke wangu hadi sasa haijui.

Nikalifungua kopo nirudishe senti yangu. Mzee akainama, akaingiza vidole viwili kati ya vifungo, akatoa kimoja cha shaba ya njano chenye tai mbele. Uso wake ukabadilika. Akavuta lenzi, akakigeuza, akasoma maandishi madogo ya mgongoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vifungo vya sare za jeshi navyo vina wakusanyaji wake, vina kitabu chake, na vingine ni adimu kweli. Kisha akakisogeza kwenye taa. Kikang'aa kama jino jipya la dhahabu.

"Usiniambie," akasema.

Nikafunga kopo.