Makumbusho Wakati wa Kipupwe

Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndiyo majira bora ya kutembelea makumbusho mkoani Tanga. Masika yamekwisha, jua limepoa, na njia ya kutoka Muheza kupanda Amani inapitika bila basi kusukumwa. Shule nazo hufungwa Juni, pengine ili wanafunzi wasilete msongamano.

Mji wa Muheza wenyewe hauna jumba la sanaa. Maonyesho ya msimu huwekwa kando ya barabara: machungwa yaliyopangwa mafungu kwa ustadi, kiingilio bure, kazi zote zinauzwa. Anayetaka kuta na fremu huenda Tanga mjini, kwenye Makumbusho ya Urithi ndani ya Boma la zamani. Humo picha za kale hutazamwa kwa utulivu mkubwa. Foleni haijawahi kuwa kero.

Hazina yenyewe iko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako sweta hutoka sandukuni kwa haki. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti huko mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia. Miaka kumi kabla, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa ameliona ua dogo la zambarau la Usambara, likapelekwa Ulaya na kuitwa Saintpaulia. Wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku hawakujua kwamba bado halijagunduliwa. Sasa linastawi madirishani Berlin, mji uleule anakosimama dinosaria aitwaye mjusi wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Mkazi wa Muheza anayetaka kumwona mjusi huyo anahitaji viza, na koti zito zaidi.